Punje ya Tisa

Dagaa wa Ziwa Tanganyika hawaifuati taa mwezi ukiwa mkubwa. Kwa hiyo Katonga, mwalo wa wavuvi pale Kigoma, ina kalenda yake. Kuna giza, majuma matatu hivi, ambapo wanaume hutoka jua likizama, wakiwa na karabai, na kurudi alfajiri na samaki. Halafu kuna mbalamwezi, siku saba au nane ambazo mitumbwi hulala mchangani, nyavu hushonwa, na watu waliozoea kuishi usiku huzurura mchana kutwa wasijue mikono yao waiweke wapi. Mikono hiyo ndiyo iliyoshika karata.

Kwenye mkeka uliotandikwa nyuma ya banda la Feliksi, tajiri wa mitumbwi, alikuwapo mwanamke mmoja tu. Jina lake Eufrasia, lakini kwa kuwa alikuwa na binti aliyeolewa Gungu, mwalo wote ulimwita Mama Dainess. Alikaribia miaka hamsini, mwembamba, mgongo umenyooka kwa kubeba beseni kichwani, na kazi yake ilikuwa kuanika dagaa. Hakunywa. Hakutukana. Misa ya Jumapili haikumpita. Na kwa mchezo wa poka, hapakuwa na mwanamume kutoka Katonga hadi Ujiji aliyekaa mbele yake akaondoka akicheka.

Poka hakujifunzia hapa. Alizaliwa Mwandiga, na alipokuwa msichana shangazi yake alimchukua kwenda Bujumbura kutafuta kazi, kama wengi wa upande huu walivyofanya zamani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja na mpaka wa siku zile haukuwa mkali. Akapata kazi ya jikoni kwa Mgiriki mwenye duka la vitambaa. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana rafiki za Mgiriki walikuja kucheza, na Eufrasia alisimama karibu na mlango akingoja kuitwa. Alisimama pale miaka kumi na mmoja. Mtu akisimama miaka kumi na mmoja nyuma ya migongo ya wacheza karata, hata asipofundishwa, atajua.

Alijua kwanza watu, ndipo akajua karata. Mgiriki alipokuwa akishinda alipaza sauti, akaagiza chupa, akaweka dau kwa karata za ovyo kwa kuwa alidhani bahati imeolewa nyumbani kwake. Aliposhindwa alinyamaza, shingo ikawa nyekundu, akaweka dau kwa karata za ovyo vilevile, akikimbilia kilichokwisha kwenda. Wote walikuwa hivyo, isipokuwa mzee mmoja muuza dawa. Yeye aliomba kisahani cha karanga ishirini. "Ishirini, binti. Nihesabie." Kila mchezo ulipokwisha alikula karanga moja, ashinde, ashindwe, na aliitafuna taratibu mpaka ikaisha, ndipo akapokea karata nyingine. Karanga zilipokwisha aliinuka na kwenda zake, hata wenzake wakimshika koti.

Siku moja Eufrasia alithubutu kumuuliza. Mzee akamjibu kwa Kiswahili chake cha dukani: "Karata hazijui jina langu. Zikija nzuri mara tano, hazinipendi. Zikija mbaya mara tano, hazinichukii. Moyo hausadiki hilo. Basi naupa kazi ya kutafuna."

Aliporudi nyumbani, mjane mwenye mtoto mmoja, akaanza kukaa kwenye mkeka wa Feliksi, alijaribu karanga. Lakini karanga mwaloni hazikai kwenye kisahani, kila apitaye huokota mbili. Ndipo akaingiza mkono kwenye pindo la kitenge chake na kuikuta rozari. Punje kumi za fungu moja. Mchezo mmoja, punje moja. Akishinda, punje. Akishindwa, punje. Ikifika ya kumi, anainuka, kesho tena.

Mwanzoni alihesabu tu. Lakini vidole vilivyozoea sala havihesabu kikavu. Kila vilipogusa punje, midomo nayo ilifuata yenyewe, na baada ya mwaka mmoja Eufrasia alikuwa akisali Salamu Maria moja kati ya mchezo na mchezo. Ilimtuliza kuliko karanga yoyote. Kuna mbalamwezi moja alishindwa siku tatu mfululizo, wanaume wakamwimbia, wakamwambia arudi kwenye dagaa wake. Alisali punje zake kumi kila siku akainuka na uso uleule aliokuja nao, na siku ya nne na ya tano akavichukua vyote vilivyokuwa juu ya mkeka. Hakuna aliyejua anachokifanya ndani ya kitenge. Hata padre hakuwahi kuambiwa. Kila alipokwenda kuungama alikusudia kulisema, na kila mara alipata dhambi nyingine ya kulijazia nafasi.

Mwaka wa tisini na sita ziwa lilijaa watu. Kutoka Burundi walikuwa wakija tangu miaka mitatu nyuma. Mwaka huo wakaongezeka wa ng'ambo, wa Zaire. Wengi walipelekwa makambini kwa malori. Wachache walibaki mwaloni, wakajibanza kwa matajiri wa nyavu waliohitaji mikono. Mmoja wao alikuwa Bigirimana.

Alikuwa mtu wa Nyanza-Lac, kule Burundi, amezaliwa na kukulia ziwani, kijana wa miaka thelathini mwenye kifua kipana na kicheko cha haraka. Alikuwa na mkewe Consolate na watoto watatu. Watoto hapo awali walikuwa wanne. Wa mwisho, msichana, alikufa kwa kuhara kambini katika miezi yao ya kwanza, na baada ya kumzika Consolate alimwambia mumewe kwamba udongo ule hataukanyaga tena. Wakatoroka, wakatembea hadi Katonga, na Feliksi akampa Bigirimana nafasi kwenye mtumbwi wake na chumba kimoja nyuma ya banda.

Feliksi hakuwa mtu mbaya, ila alisema mambo kama yalivyo. "Serikali inataka wakimbizi wote wawe kambini," alimwambia. "Mtu mwenye familia inayokula jasho lake ni mvuvi wangu, nitamsemea kwa mwenyekiti. Nikisikia watoto wanaomba chakula mlango kwa mlango, mimi sikujui."

Kwa hiyo mgawo wa Bigirimana, beseni la dagaa analopewa kila alfajiri ya giza, haukuwa chakula tu. Ndio uliowaweka mwaloni.

Kwenye mkeka ule hawakuchezea fedha. Walichezea vifuniko vya soda, na kila kifuniko kilikuwa kisado kimoja cha dagaa wakavu. Aliyeishiwa vifuniko angeweza, kama wengine wamekubali, kuweka kitu kimoja cha mwisho, nacho ni giza lake: migawo yake yote ya majuma matatu yajayo. Mtu angevua usiku, na asubuhi beseni lingekwenda kwa mwingine. Kuweka giza ilikuwa desturi ya zamani, na wazee waliidharau, lakini hakuna aliyeipiga marufuku.

Siku hiyo ilikuwa ya tano ya mbalamwezi, baada ya saa tisa mchana. Walikaa watatu: Eufrasia, Bigirimana, na Oswald, fundi wa karabai, mtu mwenye meno machache na maneno mengi. Feliksi alikuwa pembeni akishona wavu.

Kwa asiyejua poka: kila mtu hupewa karata tano, hubadilisha asizozitaka, kisha huweka dau. Mwenye karata bora huchukua vyote. Lakini anayeogopa na kulaza karata zake kifudifudi hupoteza alichokwisha kuweka, hata kama karata zake ndizo zilikuwa bora. Nusu ya mchezo imo kwenye karata. Nusu nyingine imo kwenye shingo ya mwenzako.

Punje ya kwanza ilikwenda kwa Bigirimana. Ya pili pia. Ya tatu alipata jeki tatu bila kubadilisha hata karata moja, na ya nne akamtisha Oswald mpaka akalaza.

"Leo Warundi wamekuja kuchukua ziwa lote," Oswald alisema.

"Ziwa tumeshalichukua, Mzee Oswald. Sasa tunachukua karabai zako." Bigirimana alikuwa akicheka, akivipanga vifuniko kama mnara. Alianza kuimba kidogo. Alianza kuweka dau kabla ya kuziangalia karata zake vizuri.

Eufrasia alimwona. Alimwona Mgiriki, chupa na sauti. Akagusa punje yake, akasali, akangoja.

Tangu ya tano karata ziligeuka, kama zinavyogeuka. Bigirimana alishindwa kwa jozi ya kingi, akashindwa kwa jozi mbili, akashindwa kwa karata ambazo mtu mwenye akili timamu asingezichezea. Mnara wa vifuniko ukawa kilima, kilima kikawa vipande vinane.

"Pumzika, bwana," Feliksi alisema bila kuinua macho kwenye wavu. "Nenda ukanywe maji."

"Maji yako ziwani, tajiri. Hayaendi popote."

"Na Mama Dainess naye hayuko mbali," Oswald alisema. "Ukimaliza vifuniko atataka shati."

"Shati lake halina vifungo," Eufrasia alisema. "Nitalifanyia nini?" Wote wakacheka, na Bigirimana akacheka pia, lakini kicheko chake kilichelewa.

Wakati huo, kabla ya karata za mchezo wa tisa kugawiwa, ndipo Eufrasia alipoona. Bigirimana alikuwa akimwangalia midomo. Hakuangalia mikono, hakuangalia macho. Aliangalia midomo yake ikisema Salamu Maria bila sauti, na uso wake ukabadilika, kama mtu aliyesikia hatua nje ya nyumba.

Eufrasia alipokea karata zake. Ree, tisa, sita, nne, mbili. Hakuna iliyofanana na mwenzake. Akabadilisha tatu, zikaja nyingine zisizofanana. Ilikuwa mikono mitupu. Oswald alilaza mapema. Bigirimana aliweka vifuniko vitano kati ya vinane, na kwa namna alivyoviweka, polepole, bila kuimba, Eufrasia alijua ana kitu kikubwa.

Hapo angelaza. Siku nyingine yoyote angelaza, angegusa punje, na mchezo ungekwisha. Badala yake aliutoa mkono kwenye kitenge, na rozari ikatoka nao. Akauacha msalaba uning'inie juu ya goti lake, jua likiupiga. Kisha akaichezesha midomo. Hakuwa akisali. Hakukuwa na neno hata moja ndani yake. Aliichezesha tu, taratibu, ionekane, na akasukuma mbele vifuniko ishirini.

Bigirimana aliziangalia karata zake tena, moja moja. Kunguru wawili walishuka kwenye vichanja vya dagaa na hakuna aliyewafukuza. Halafu akageuza karata zake juu, jambo ambalo halikuwa lazima, akazilaza. Kwini tatu.

"Weee," Oswald alisema. "Kwini tatu unazilaza? Mama ana nini huko?"

"Ana Imana," Bigirimana alisema, akimtaja Mungu kwa Kirundi.

Eufrasia alizichanganya karata zake na zile nyingine bila kumwonyesha mtu.

Kilichofuata kilikuwa chepesi mno, na ndicho kilichomla baadaye. Bigirimana alibaki na vifuniko vitatu, akaona havitoshi. Akasema anaweka giza. Feliksi aliacha sindano ya wavu hewani. Akamwangalia Eufrasia, kwa kuwa desturi ilikuwa hiyo: giza la mtu haliwekwi mpaka mwingine amekubali. Eufrasia angeweza kusema hapana. Alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, kichwa chake kilikuwa safi, alijua kabisa kwamba kijana huyu hayumo tena ndani ya akili yake na kwamba ni yeye aliyemtoa. Akajibu, "Sawa."

Punje ya kumi ilimpa saba tatu, za kweli. Bigirimana alikuwa na jozi mbili, nazo hushindwa na tatu.

"Mama, moja zaidi," kijana alisema. "Moja tu."

"Zangu kumi zimekwisha," Eufrasia alisema, na akainuka, kama alivyoinuka kila siku.

Mtu anayepoteza akili mchezoni ana kitu cha kujitetea nacho. Atasema hasira ilinishika, tamaa ilinipofusha. Eufrasia usiku ule alitafuta hasira yake na hakuipata. Alitafuta tamaa, akakuta ndogo tu, ya kawaida. Alichokikuta ni utulivu ule aliojivunia miaka yote, umekaa palepale, umekunja mikono.

Giza likaingia. Alfajiri ya kwanza alikuwa kwenye vichanja aliposikia nyayo mchangani. Bigirimana alikuja na beseni lake kichwani, maji yakimchuruzika mabegani, akawamimina dagaa wote kwenye kichanja cha Eufrasia, akalikung'uta beseni wadondoke hata wale watatu waliong'ang'ania ukingoni.

"Bigirimana, nusu yatosha," alimwambia. "Chukua nusu."

"Si langu, Mama." Akaondoka.

Hakukuwa na chuki ndani ya sauti yake. Ingekuwapo, angeishika. Alfajiri ya pili ilikuwa hivyo, na ya tatu. Eufrasia aliwaanika dagaa hao peke yao, kwenye kichanja cha mwisho, hakuwachanganya na wake, hakuuza kisado. Alimpelekea Consolate bakuli la waliokauka. Consolate alikuwa mlangoni akipepeta unga wa muhogo wa kuazima. Alilitazama bakuli, akameza mate, akalirudisha kwa mikono miwili.

"Urakoze, asante, Mama. Baba watoto amekataza."

"Amesema nini?"

"Hakusema sana. Amesema giza hili lina mwenyewe."

Kwa hiyo Consolate alikwenda Mwandiga kila asubuhi kuwasaidia watu kukamua mawese, akarudi jioni na chochote alichopewa. Watoto walikonda. Mkubwa wao alionekana mara mbili akisimama karibu na majiko ya watu, hasemi kitu, amesimama tu. Feliksi naye aliona. Ilipotimia juma la pili alimwambia Bigirimana kwamba giza likiisha atafute lori la kambini, yeye hawezi kumdanganya mwenyekiti.

Eufrasia akaenda kuungama. Padre wa siku hizo alikuwa mtu wa Mbeya, amehamishiwa Kigoma mwaka uleule, na mambo ya ziwa yalikuwa bado yakimpa shida.

"Subiri, Mama. Kwini tatu ni nyingi au ni kidogo?"

"Ni nyingi, Padre."

"Na wewe ulikuwa na ngapi?"

"Sikuwa na kitu."

Eufrasia alitegemea rozari ndiyo itakayomkasirisha. Lakini padre aliuliza jambo jingine. "Umemrudishia dagaa?"

"Hataki."

"Hataki kwa sababu hajui. Mwambie ukweli. Mwambie hukuwa ukisali. Akishajua, atapokea kilicho chake, na wewe utapumua."

Ulikuwa ushauri mzuri. Eufrasia alirudi nao kama mtu aliyebeba dawa.

Alfajiri ya mwisho ya giza alimngoja karibu na mtumbwi. Bigirimana alimimina beseni, akageuka.

"Bigirimana. Keti kidogo, nina neno."

"Nimechoka, Mama."

"Najua. Keti."

Akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi. Eufrasia alisimama mbele yake na kumwambia yote: karanga za mzee wa Bujumbura, punje, na ile ya tisa. Alimwambia hakuwa na hata jozi. Alimwambia aliona anavyomwangalia midomo, akaitoa rozari makusudi, akaichezesha midomo bila sala.

Bigirimana alisikiliza akikwaruza magamba mkononi kwa ukucha.

"Rudia hapo pa midomo."

"Sikuwa nikisali. Nilikuona unaogopa, nikataka uogope zaidi."

"Kwa hiyo hakuwapo."

"Nani?"

"Imana. Hakuwapo pale mkekani. Ulikuwa wewe tu."

"Mimi tu," Eufrasia alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Wavuvi wengine walikuwa wakipita na mabeseni, wakisalimia, na Bigirimana aliwaitikia kwa kichwa. Kisha alianza kusema, akiangalia maji.

"Siku tuliyoondoka Nyanza-Lac mwenye mtumbwi alisema ana nafasi sita. Sisi tulikuwa saba, na mdogo wangu Kubwimana. Nilimwambia, kaa hapa, mtumbwi utarudi. Mama, mimi ni mvuvi. Nilikuwa nikisikia risasi ziko wapi, na nilijua hautarudi. Nikamwambia utarudi, akasema ego, ndiyo, kaka, akakaa chini kwenye mchanga kungoja."

Bigirimana aliokota dagaa mmoja mchangani, akamtupa majini.

"Tangu hapo nangoja nidaiwe. Mtoto alipokufa wengine walisema ndiyo malipo. Nikakataa. Mtoto ni mtoto, si malipo. Basi siku ile kwenye mkeka nikakuona na msalaba wako, karata zangu nzuri zikawa baridi mkononi, nikasema haya, mdai amefika. Nikaweka giza lote. Nilijua nitashindwa, Mama. Nilitaka. Usiku ishirini nimevuta wavu na kila kamba nikasema hii ya Kubwimana, hii ya Kubwimana. Watoto wangu wana njaa, mke wangu hanisemeshi, na mimi nalala. Nalala kama mtu. Nilikuwa sijalala tangu Nyanza-Lac."

Akasimama. Akajifuta mikono kwenye kaptula.

"Sasa umekuja kuniambia nilivuta bure."

"Nilidhani nakurudishia," Eufrasia alisema.

"Umenirudishia. Wako wapi dagaa wangu?"

Alimpeleka. Walikuwa magunia manne, wamekauka vizuri, hawana mchanga, wanametameta. Bigirimana alitia mkono ndani ya gunia, akawaacha wapite vidoleni. Alikuwa mtu wa kazi hiyo na hakuweza kutosema. "Umewaanika vizuri," akasema. Akabeba gunia la kwanza begani.

Kabla ya adhuhuri mawili yalikuwa yameuzwa sokoni. Mawili aliyaweka ndani kwa mkewe. Feliksi alipoyaona magunia yale chumbani alisema basi, watu wenye chakula ni wavuvi wake, wakae. Eufrasia alilisikia hilo kwa jirani na akaketi chini kwa furaha, kwa kuwa ndilo alilolitaka. Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni. Jioni aliambiwa kwamba Bigirimana amelipa nafasi kwenye mtumbwi unaokwenda Kagunga, na kwamba kutoka Kagunga atavuka mpaka kwa miguu kwenda Nyanza-Lac, kumtafuta mdogo wake. Vita vilikuwa bado vinawaka. Watu walikuwa wakitoka kule. Hakuna aliyekuwa akienda.

Alikimbia mwaloni. Mtumbwi ulikuwa umeshapita ncha ya mwamba.

Mbalamwezi iliyofuata Oswald alikuja kumwita. "Mama Dainess, mkeka umekauka bila wewe. Uogope nini? Kumtisha mtu ni mchezo, hata bila kitu mkononi. Ungeshinda kwa kukohoa, tungekulaumu?"

"Ningekohoa ningecheza tena," Eufrasia alimjibu, na akaendelea kugeuza dagaa.

Giza likaingia, likatoka. Bigirimana hakurudi. Giza jingine likaingia. Feliksi alimweka mtu mwingine kwenye nafasi yake, na yale magunia mawili yalipokwisha Eufrasia alimgawia Consolate nusu ya vichanja vyake. Wakawa wanafanya kazi pamoja, mmoja kushoto, mmoja kulia, watoto wakila ugali wa sufuria moja.

Asubuhi moja Consolate alisema, bila kuacha kazi, "Usiku ule alipoaga aliniambia wewe ndiye uliyemfumbua macho. Hakunieleza. Nikasema, basi ni Mama Dainess na sala zake. Hapa wote wanajua Mungu anakusikia."

Eufrasia alinyoosha mgongo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lote, tangu karanga hadi punje ya tisa, nalo lilikuwa tayari kutoka na kumwacha mwepesi. Alimtazama mwanamke huyu aliyemzika mtoto kwenye udongo wa kambi na ambaye kila jioni alihesabu mitumbwi inayotoka kaskazini. Akakumbuka alivyokuwa mwepesi mara ya kwanza, kwa nusu siku. Akalimeza.

"Msalie, Mama," Consolate alisema.

"Nitamsalia."

"Si moyoni. Sema kwa sauti, nami niitikie."

Eufrasia alikuwa hajasali kwa sauti mbele ya mtu tangu siku ile. Alifuta mikono. Akaanza, na sauti ilitoka ikikwaruza, akasimama katikati, akaanza upya. Consolate aliitikia kwa Kirundi, akiwa ameinama, mikono yake ikiwatandaza dagaa wasipandane. Eufrasia hakujua kama hiyo ilikuwa sala. Alipofika mwisho alinyamaza.

"Endelea," Consolate alisema. "Hatujamtaja jina."